Mume wangu amepewa asilimia 100 na VA: familia inastahili nini, na tuanzie wapi?

MamaNeema_DFW aliandika:

Ndugu zangu, hamjambo. Naomba msaada wenu katika jambo ambalo limeninyima usingizi, ijapokuwa ni jambo la heri. Mume wangu, mzaliwa wa Nakuru, alilitumikia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kwa miaka 11, akapelekwa Afghanistan mara mbili na Djibouti mara moja. Alitoka mwaka 2019 akiwa na mgongo ulioharibika, masikio yanayovuma mchana na usiku, kifua kinachombana, na yale mengine ya usiku ambayo wake wa askari mnayafahamu bila mimi kuyaeleza. Kwa miaka kadhaa alikuwa kwenye asilimia 70. Wiki tatu zilizopita VA, yaani idara ya serikali kuu ya Marekani inayowahudumia wanajeshi wa zamani, ilimwandikia kwamba sasa kiwango chake cha ulemavu ni asilimia 100.

Tangu siku hiyo kila mtu ana habari yake. Shemeji yangu anasema hatutalipa tena kodi ya nyumba hapa Texas, ile ya mali inayodaiwa na serikali, si ya pango. Rafiki wa kanisani anasema Neema, binti yetu mwenye miaka 17 anayemaliza shule mwaka huu, atasoma chuo kikuu bila ada. Mwingine ametutisha kwamba mume wangu lazima aache kazi mara moja, kwa sababu mtu wa asilimia 100 haruhusiwi kufanya kazi, ilhali yeye anafanya kazi ya ofisini siku tatu kwa wiki, na kazi hiyo ndiyo inayomtoa nyumbani na kumpa sababu ya kuvaa viatu asubuhi. Jamaa wa Nakuru nao wanaamini tumepewa malipo ya mkupuo, na simu hazikatiki. Kisha kuna kampuni iliyotupigia ikitaka asilimia fulani ya malipo yake ili "itusimamie mafao".

Yeye mwenyewe ameiweka barua kabatini. Anasema wapo wenzake ambao hawakurudi kabisa, na kwamba haoni vizuri kukaa mezani kuhesabu fedha. Namheshimu kwa hilo, lakini nina watoto wawili, sina bima ya afya ya maana, na yeye kila mwaka huzungumzia kurudi nyumbani kuishi. Naomba mwenye kujua kwa hakika anieleze: je, anaweza kuendelea na kazi, mimi na watoto tunastahili nini, na tukihamia Kenya ni kipi kitakachotufuata na ni kipi kitakachobaki huku?

SajiniTanga_Houston alijibu:

Dada MamaNeema, mpe shemeji, yaani mume wako, pole na hongera kwa pamoja, kwa kuwa barua ile inastahili vyote viwili. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Niliingia jeshini kupitia mpango wa MAVNI, ambao wakati ule ulikuwa ukichukua wasemaji wa lugha kadhaa za kigeni, Kiswahili kikiwa mojawapo, na nimekaa na barua kama hiyo yenu kwa miaka kadhaa sasa.

Kabla ya swali lolote, naomba muitoe barua kabatini muisome pamoja, kwa sababu majibu ya karibu kila ulichouliza yamo katika sentensi mbili tatu zilizo ndani yake. Watu husema "asilimia 100" kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo upotoshaji wote uliousikia unapoanzia.

Kuna njia tatu za kulipwa kiwango cha 100. Ya kwanza ni kufika 100 kwa hesabu ya majeraha yenyewe. Hesabu hiyo haijumlishi kama tunavyojumlisha sokoni: wao huanza na mtu mzima, wakaondoa jeraha kubwa kwanza, kisha jeraha linalofuata hukatwa kutoka kwenye kilichobaki. Mtu mwenye 50, 30 na 20 hafikii 100. Ile 50 inaacha 50, asilimia 30 ya hiyo ni 15, jumla inakuwa 65, kisha asilimia 20 ya 35 iliyobaki ni 7, jumla 72, nayo hupunguzwa kuwa 70. Ili kuandikiwa 100 ni lazima hesabu ifike angalau 95. Ndiyo maana wengi hukaa kwenye 90 kwa miaka mingi wakidhani wamedhulumiwa.

Njia ya pili ni ya yule ambaye majeraha yake hayafiki 100 lakini yamemzuia kushika kazi ya kudumu yenye kipato cha kutosha. Kwa kawaida anatakiwa awe na jeraha moja la asilimia 60, au jumla ya 70 ambayo ndani yake kuna jeraha lisilopungua 40. Huyu hulipwa kama mtu wa 100 ingawa karatasi yake inasoma chini ya hapo. Njia ya tatu ni 100 ya muda, kwa mfano mtu anapopona baada ya upasuaji au akilazwa hospitali zaidi ya siku 21 kwa sababu ya jeraha la utumishi. Hiyo hukoma sababu yake ikikoma.

Sasa utaona kwa nini swali la kazi halina jibu moja. Kama shemeji amefika 100 kwa njia ya kwanza, hakuna sheria inayomkataza kufanya kazi, iwe siku tatu au siku tano, na mshahara wake hauigusi fidia. Kama amepewa kwa njia ya pili, hali ni tofauti kabisa, kwa kuwa msingi wa malipo yake ni kwamba hawezi kazi ya kujikimu. Anaruhusiwa kipato kidogo tu, kwa kawaida kisichozidi kile ambacho serikali inakihesabu kuwa mstari wa umaskini kwa mtu mmoja kwa mwaka, au kazi iliyo katika mazingira ya kulindwa. Aliyewatisha huenda anamjua mtu wa njia ya pili, akadhani wote ni hao. Msimwachishe kazi kabla ya kusoma barua.

Jambo la pili la kutafuta ndilo kubwa zaidi kwa ajili yako wewe na watoto, nalo ni neno la kudumu. Kwa Kiingereza imeandikwa "permanent and total", na sisi wenyewe tumezoea kuiita P na T. Asilimia 100 bila neno hilo inampa yeye fedha na matibabu. Asilimia 100 yenye neno hilo ndiyo inayoifungulia familia mlango. Wakati mwingine barua ya uamuzi hailisemi waziwazi. Inasema tu kwamba hakuna uchunguzi mwingine uliopangwa, au kwamba wategemezi wamestahili msaada wa elimu wa Sura ya 35. Njia ya uhakika ni yeye kuingia katika akaunti yake ya VA.gov na kuipakua barua ya muhtasari wa mafao, ambayo ina mstari unaojibu ndiyo au hapana kama anahesabiwa kuwa mlemavu kamili na wa kudumu kutokana na utumishi wake pekee. Barua hiyo chapisheni nakala kadhaa, kwa sababu kila ofisi mtakayokwenda itaidai.

Ikiwa jibu ni hapana, msikimbilie kuandika barua ya kuomba. Ombi la namna hiyo linaweza kuifungua tathmini yote upya, na nimewaona wenzangu walioingia wakitafuta neno la kudumu wakatoka na kiwango kilichopunguzwa. Zungumzeni kwanza na mwakilishi aliyeidhinishwa. Muda nao ni kinga: kiwango kilichodumu miaka 5 hakipunguzwi bila ushahidi wa nafuu ya kweli inayoendelea, na kilichodumu miaka 20 hakiguswi tena isipokuwa kwa udanganyifu.

Kuhusu ile kampuni, kateni simu. Sheria ya nchi hii hairuhusu mtu yeyote kutoza fedha kwa kuandaa dai la kwanza la fidia, na wakili aliyeidhinishwa anaweza kutoza tu baada ya uamuzi wa kwanza kutolewa. Wawakilishi wa vyama vya wanajeshi wa zamani kama DAV, American Legion na VFW hufanya kazi hiyo bure, na Texas ina maofisa wa maveterani katika kaunti. Mimi nililipa kampuni moja ya aina hiyo mwaka wa kwanza baada ya kutoka jeshini, nikiwa sijui. Walichukua malipo yangu ya miezi kadhaa kwa kujaza fomu ambayo baadaye nilionyeshwa jinsi ya kuijaza kwa muda wa saa moja. Sijasahau, kwa sababu mwaka huo mama yangu alikuwa akihitaji upasuaji.

Na jamaa wa Nakuru waambieni ukweli kwa upole. Fidia hii haiji kwa mkupuo. Ni malipo ya kila mwezi, ukiacha malimbikizo ya tangu tarehe ambayo uamuzi unaanza kuhesabiwa. Kwa mwaka 2025 mtu wa asilimia 100 asiye na mtegemezi alipata dola 3,831.30 kwa mwezi, na mwenye mke dola 4,044.91, kisha kuna nyongeza ndogo kwa kila mtoto. Haitozwi kodi ya mapato. Ipo pia nyongeza kwa mzazi anayemtegemea, ambayo huombwa kwa fomu 21P-509 na huangalia mapato ya mzazi mwenyewe, na ni watu wachache wa kwetu wanaoijua. Kama bado analea mama au baba, aulize.

BintiKisauni_Austin alijibu:

Sajini amejibu vizuri. Mimi kazi yangu ni kujaza karatasi za kodi, na wateja wangu wengi ni familia za wanajeshi, kwa hiyo nitashika upande wa nyumba na shule.

Shemeji yako amesema kweli kuhusu kodi ya nyumba, lakini ni kweli ya Texas. Msamaha huu hautolewi na serikali kuu. Kila jimbo lina sheria yake. Hapa Texas, veterani anayelipwa fidia ya asilimia 100 na ambaye ana kiwango cha 100, au ambaye amehesabiwa kuwa hawezi kuajirika, husamehewa kodi yote ya nyumba anayoishi kama makazi yake makuu, na Texas haidai neno la kudumu. Minnesota, kwa kulinganisha, huondoa thamani ya hadi dola 300,000 kwa aliye kamili na wa kudumu, na dola 150,000 kwa aliyefika 70 na kuendelea. Kwa hiyo msichukue habari za ndugu aliye Minneapolis mkazitumia Dallas. Ombi hupelekwa katika ofisi ya uthamini wa mali ya kaunti yenu pamoja na ile barua ya VA. Halijiombi lenyewe. Nimekutana na mzee mmoja aliyelipa kodi miaka minne baada ya kustahili msamaha, kwa sababu aliamini VA na kaunti zinazungumza. Hazizungumzi.

Sasa Neema. Ikiwa baba yake ana neno la kudumu, kuna milango miwili, na inafaa kuijua yote kabla ya kusaini chochote chuoni. Mmoja ni Sura ya 35 ya serikali kuu, ambayo humlipa mwanafunzi mwenyewe kila mwezi kwa muda wa hadi miezi 36 ya masomo. Fedha inaingia mikononi mwake, haiendi chuoni, na anaweza kuitumia kwa chumba, chakula na vitabu. Zamani mtoto alitakiwa kuimaliza kabla ya miaka 26, lakini kwa waliofikisha miaka 18, au ambao mzazi wao alipata neno la kudumu, tangu tarehe 1 Agosti 2023, ukomo huo umeondolewa. Wewe mwenyewe pia unastahili Sura ya 35, dada. Kama uliacha masomo ili ulee watoto huku mwenzako akiwa Afghanistan, sasa kuna fedha yenye jina lako.

Mlango wa pili ni sheria ya Texas inayoitwa Hazlewood, ambayo husamehe ada katika vyuo vya umma vya jimbo kwa hadi saa 150 za masomo zinavyohesabiwa chuoni (credit hours). Sharti lake ni kwamba baba awe aliingia jeshini kutoka Texas au alikuwa mkazi wa Texas alipoandikishwa, na mtoto awe mkazi wa Texas. Ikiwa shemeji aliandikishwa Dallas, Neema anaweza kusamehewa ada kwa Hazlewood na wakati huohuo akapokea fedha ya Sura ya 35 kwa ajili ya maisha. Rafiki yako wa kanisani hakukosea sana.

Kuna mtego mmoja ambao naomba uuandike mahali. Neema akifikisha miaka 18 akiwa bado shuleni, baba yake anaweza kuendelea kulipwa nyongeza ya mtoto mwanafunzi hadi miaka 23 kwa kujaza fomu 21-674. Lakini mara tu Neema anapoanza kupokea Sura ya 35, nyongeza hiyo lazima ikome. Viwili haviendi pamoja kwa mtoto mmoja. Familia zisizotoa taarifa hujikuta zikidaiwa, na VA hukata deni hilo kutoka kwenye fidia ya mwezi. Nimeona mama akilia mbele ya dawati langu kwa deni la namna hiyo, na hakuwa mwizi, hakuwa amejua tu.

Halafu bima yako. Neno la kudumu likiwapo, wewe na watoto mnastahili CHAMPVA, bima ya afya ya VA kwa familia, ilimradi shemeji hakustaafu kwa miaka 20 au kwa ulemavu wa kijeshi na kuwapa TRICARE, bima ya afya ya jeshi. CHAMPVA haina ada ya kila mwezi. Mnalipa dola 50 za kwanza kwa mtu au 100 kwa familia kwa mwaka, kisha asilimia 25 ya gharama inayokubaliwa, na mkifika dola 3,000 kwa mwaka inabeba yote iliyobaki. Fomu ni 10-10d. Mdogo wake Neema anakuwamo hadi miaka 18, na wote wawili hadi 23 wakiwa wanafunzi wa muda wote, na hili halikatizwi na Sura ya 35.

Mwisho, kama shemeji ana mkopo wa elimu wa serikali kuu kwa jina lake, unaweza kufutwa kwa ajili ya ulemavu kamili. Mikopo yako wewe haimo.

MzeeWaNyali alijibu:

Mama Neema, mimi niliyafanya hayo ya kurudi. Nilitumikia miaka 14, nikaishi Virginia, na sasa ninaishi Mombasa na mke wangu.

Fidia inakufuata popote. Yangu huingia katika benki yangu ya Marekani kila mwezi kama ilivyokuwa Virginia, na hakuna aliyewahi kunitaka nirudi ili niipokee. Kinachobadilika ni matibabu. Ukiwa Texas, mtu wa 100 hutibiwa ugonjwa wowote katika hospitali za VA bila kulipa, hata meno, jambo ambalo wenzetu wa viwango vya chini mara nyingi hawana. Ukiwa Kenya hakuna hospitali ya VA. Kuna Mpango wa Matibabu wa Nchi za Nje, ambao huitwa FMP, na ambao hulipia magonjwa yaliyokubaliwa kuwa yametokana na utumishi na yale yanayoyazidisha, basi. Mgongo wake utalipiwa, masikio yatalipiwa, na kiwewe kitalipiwa akimwona daktari wa akili Nairobi. Malaria, au mguu uliovunjika kwenye pikipiki, ni juu yake.

Ajiandikishe kwa FMP kabla hamjafunga mizigo. Hapa kwetu kwa kawaida utalipa kwanza kisha utarudishiwa, kwa hiyo dai risiti iliyochanganuliwa, yenye jina la daktari, ugonjwa, tarehe na kila kipimo. Risiti ya mstari mmoja yenye muhuri haitoshi. Madai yanapaswa kufika ndani ya miaka miwili tangu siku ya matibabu. Hospitali zetu kubwa zimezoea bima na huandika vizuri ukiwaomba mapema. Kliniki ndogo inabidi ukae nao uwaeleze. CHAMPVA yako nayo hulipia matibabu nje ya Marekani kwa mtindo huohuo wa kulipa kwanza na kudai baadaye.

Kinachobaki huko Marekani ni msamaha wa kodi ya nyumba, kwa kuwa ule ni wa nyumba unayoishi. Mkiipangisha na kuhama, mwaulize BintiKisauni kabla. Duka la kambini na maduka ya jeshi yanabaki huko pia. Nikiri kwamba ninachokikosa zaidi kilikuwa kidogo: kadi ya mbuga za taifa, ambayo ni ya bure na ya maisha, na ambayo ilinipeleka na wanangu Shenandoah kila vuli.

Utasikia pia kwamba mwenye P na T hupanda ndege za jeshi bure. Ni kweli kama kuna nafasi, lakini ruhusa yetu ni ya ndani ya Marekani na maeneo yake kama Hawaii, Alaska, Puerto Rico na Guam. Hakuna ndege ya kijeshi itakayomleta Djibouti aunganishe hadi Nairobi. Mjomba wangu aliamini hivyo, akakaa akinisubiri.

Na kwa kuwa umetaja Djibouti na kifua: sheria ya PACT ya Agosti 2022 inawahesabu waliotumikia Djibouti tangu Septemba 11, 2001, na Somalia tangu Agosti 1990, kuwa walivuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka. Kama pumu yake iligunduliwa baada ya kutoka, haina haja ya kuthibitishwa chanzo. Hata aliye 100 tayari ana sababu ya kuiandikisha, kwa ajili ya FMP na kwa ajili yako siku moja.

MamaNeema_DFW aliandika:

Nimeshindwa kuwashukuru. Jana usiku, watoto walipolala, nilimsomea jibu la Sajini kwa sauti. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akainuka mwenyewe akaileta barua.

Amefika 100 kwa hesabu ya majeraha, si kwa kutoajirika, kwa hiyo kazi yake inabaki. Barua inasema hakuna uchunguzi wa baadaye uliopangwa na inataja Sura ya 35. Tulifungua VA.gov, na katika barua ya muhtasari, kwenye ule mstari, imeandikwa ndiyo.

Nina swali moja lililobaki, na ni gumu kuliuliza. Mzee ameandika "kwa ajili yako siku moja". Je, akitangulia yeye, inakuwaje? Sisi tulifunga ndoa ya kimila Nakuru mwaka 2006, na cheti cha serikali tulikichukua baadaye.

Mjane_Minnesota alijibu:

Mama Neema, niruhusu nijibu mimi. Wangu aliondoka miaka mitatu iliyopita.

Fidia yake hukoma. Haigeuki kuwa yako, na wanawake wengi huligundua hilo mwezi wa kwanza wa matanga. Kinachokuja badala yake ni malipo ya mjane yanayoitwa DIC, ambayo mwaka 2025 yalianzia dola 1,653.07 kwa mwezi, na ni lazima uyaombe kwa fomu 21P-534EZ. Unayapata kama kilichomuua kilitokana na utumishi. Ikiwa kilichomuua ni kingine, unayapata kama alikuwa mlemavu kamili kwa miaka 10 mfululizo kabla ya kifo. Kwa hiyo miaka hii kumi ya mwanzo ndiyo yenye hatari kwenu, na ndiyo sababu Mzee amesema pumu iandikwe: ugonjwa uliokwisha kukubaliwa na VA haumlazimu mjane kuuthibitisha peke yake mbele ya jalada. Wangu alikuwa na moyo ulioanza kuchoka akiwa bado jeshini, hakutaka kuuandikisha kwa sababu alikuwa tayari na 100, na mimi nilikaa miezi 14 nikitafuta kumbukumbu za hospitali ambazo yeye angezipata kwa simu moja.

Aulizie pia VALife, bima ya maisha iliyoanza Januari 2023, ya hadi dola 40,000, isiyouliza maswali ya afya. Ina miaka miwili ya kungoja kabla ya malipo kamili, kwa hiyo kila mwezi anaochelewa ni mwezi unaosogezwa mbele.

Ndoa yenu ya kimila inakubalika. VA huitambua ndoa iliyo halali kwa sheria ya mahali mlipoishi mlipoifunga. Shida huwa ni ushahidi. Cheti mlicho nacho kikagueni kinasema tarehe gani, na kama kinataja ile ya baadaye tu, chukueni viapo vya wazee waliokuwapo kwenye mahari wangali hai. Wa kwangu wawili walikuwa wameshafariki.

Na akitaka kulala Nakuru, alale Nakuru. Jiwe la kaburi la VA hutolewa bure kwa kaburi lisilo na alama katika makaburi yoyote duniani. La mume wangu lilifika Musoma, na mama yake huliosha kila Jumamosi.

MamaNeema_DFW aliandika:

Asante, dada yangu. Pole sana, na Mungu amlaze pema.

Nimemsomea na hili pia. Jumatatu tuna miadi na ofisa wa maveterani wa kaunti, na tunabeba barua ya muhtasari nakala sita, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto na kumbukumbu za kifua chake tangu mwaka 2020. Shangazi yake wa Nakuru, aliyeshika kibuyu cha maziwa siku ya mahari yetu, ana miaka 81. Mume wangu amempigia simu leo asubuhi, na wakili wa pale mjini atamfuata nyumbani Alhamisi achukue kiapo chake.